Doa la Dizeli

"Hivi jirani, hilo lori lenu mnalifuga ninyi, au lenyewe ndilo linalowafuga?"

Mshonaji wa nyumba ya pili aliwahi kuuliza hivyo juu ya ukuta, pini zikiwa zimebanwa midomoni, na siku hiyo Mama Dobi alicheka mpaka akashika mbavu. "Linatufuga, mwenzangu," alijibu. "Sisi ndio kuku." Na haukuwa uongo. Lori lilitoka asubuhi, likarudi jioni, na kilichorudi nalo ndicho kilichoingia chunguni. Kufua na kupiga pasi nguo za watu kulimpa Mama Dobi sabuni, chumvi na heshima yake, lakini paa na ada za shule za wadogo vililipwa na lori. Mzaha ukapita. Jumatatu lori lilipogoma, swali lile lilirudi lenyewe kichwani mwake, ila safari hii halikuja na kicheko.

Stata ilipiga vizuri tu. Ngwe-ngwe-ngwe-ngwe, injini inazunguka, boneti linatikisika, kuku wanakimbia. Halafu kimya.

"Piga tena," alisema mumewe kutoka kwenye kigoda chake kando ya lango.

Kijana wao mkubwa akapiga tena. Ngwe-ngwe-ngwe. Kimya.

"Tena!"

"Baba, tutaua betri."

"Betri umenunua wewe?"

Kijana akauachia ufunguo. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mke ndani na mtoto tumboni mwa mke, lakini mbele ya baba yake alikuwa bado "we dogo". Baba mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mzee Breki, kwa sababu katika miaka yote ya kuendesha hakuwahi kugonga hata mbuzi. Miaka sita nyuma alianguka kutoka juu ya shehena ya matofali, nyonga ikavunjika na haikuunga sawa. Tangu hapo alitembea kwa fimbo mbili, na usukani ukaenda kwa mwanawe. Usukani tu. Ufunguo wa lori ulirudi kila jioni na kuning'inizwa kwa kamba shingoni mwa Mzee Breki, akaoga nao, akalala nao.

Siku hiyo hiyo mchana mkandarasi aliyekuwa akijenga shule alifika kwa pikipiki. Hakuteremka. "Mzee, mimi nawaheshimu," alisema, "lakini mafundi wangu wamekaa hawana tofali. Jumatatu ijayo saa moja asubuhi nisipoliona lori, nakodi lingine, na hilo lingine ndilo litakalobaki mpaka shule iishe." Akaondoka. Na kabla vumbi la pikipiki halijatua, mnunuzi wa vyuma chakavu, yule waliyemwita Mizani kwa kuwa hatembei bila mizani yake, alikuwa keshasimama langoni akiliangalia lori kama mtu anavyoliangalia jeneza asilolipia yeye.

"Mimi sisemi kitu," alisema Mizani. "Napita tu. Lakini likikaa sana, kutu inakula kilo zenu."

* * *

Jumanne asubuhi akaja Fundi Taratibu. Jina hilo alipewa kwa kejeli na akalizoea. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mkoba wa turubai uliojaa spana alizozinunua moja moja, na hakuwahi kugusa gari kabla ya kuuliza.

"Linapiga stata?"

"Linapiga, haliwaki," alijibu kijana.

"Moshi unatoka nyuma?"

"Hata wa sigara hakuna."

"Piga kidogo nione." Akainama kwenye bomba la moshi, akaweka kiganja, akakinusa. Akarudi anatikisa kichwa polepole. "Injini ikizunguka bila moshi, hiyo haiumwi. Ina njaa. Dizeli haifiki."

Akafungua filta, akaisafisha. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akapiga ile pampu ndogo ya kidole gumba mara mia, na hakuna hata tone lililotoka. Akaifungua pampu, akaenda nayo bandani kwake kuijaribu, akarudi nayo jioni akisema haoni ubaya wake, lakini kwa kuwa ni ya zamani, wajaribu na nyingine. Wakanunua nyingine, imetumika lakini nzima. Jumatano asubuhi akaifunga. Ngwe-ngwe-ngwe. Kimya.

Fundi akakaa chini juu ya tairi kuukuu, akajipangusa jasho. "Basi tatizo liko nyuma zaidi," alisema. "Mzee, naomba nusu saa niufuate mrija mpaka kwenye tangi. Dizeli haina mabawa. Kama haifiki hapa, kuna mahali imezuiwa."

Mama Dobi alikuwa akianika mashuka ya wateja. Aliposikia neno "tangi" mkono wake ulisimama kwenye kamba. Akamtazama mumewe, akafungua mdomo.

"Wewe," alisema Mzee Breki bila kugeuza kichwa, "kalete chai."

Akaufunga mdomo, akaenda kuleta chai.

Maana yeye alijua. Nyuma ya tangi, upande wa kushoto, mahali ambapo jicho halifiki ila mkono, kulikuwa na koki ndogo ya shaba, kama ya bomba la maji, iliyozungushiwa kipande cha mpira wa tairi ili isionekane. Mzee Breki aliiweka mwenyewe enzi zile malori yalipokuwa yakiibwa. Kila jioni alipiga goti, akapeleka mkono, akaifunga. Mwizi angepiga stata mpaka kesho. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Mkewe aliisoma kwenye nguo. Kila siku alifua shati lenye madoa yale yale, siku nenda siku rudi, mpaka siku moja akainama mwenyewe kuona mumewe anampigia goti nani huko chini. Tangu nyonga ivunjike koki ilibaki wazi, miaka sita, kwa kuwa Mzee Breki hakuweza tena kuinama na hakumwamini mwingine kuifunga.

Alipoleta chai akamnong'oneza, "Baba, mwambie fundi habari ya ile koki."

"Koki gani?" Macho yalimtoka. "Nani kakwambia?"

"Mashati yako yameniambia. Mwambie atazame."

"Iko wazi. Niliiacha wazi kwa mkono wangu huu. Anayeijua ni mimi, na sasa wewe. Nani ataifunga, jini? Siri ya gari ukishampa fundi mmoja, umewapa mafundi wote, na wezi wao."

"Lakini..."

"Nimesema."

Naye Fundi Taratibu, asiyejua yanayonong'onwa, alikuwa keshalala chini na kuanza kujisogeza kuelekea nyuma.

"Toka huko!" Sauti ya Mzee Breki ilipasuka mpaka mshonaji akasimamisha cherehani yake. "Tangi langu usiliguse! Nimekuita utazame injini, sasa unanizungukia huku na huku, kila siku kitu kipya. Pampu yangu ilikuwa nzima. Umeipeleka kwako, umerudi na takataka!"

Fundi alitoka chini ya lori, udongo mwekundu umemganda mgongoni. "Mzee, pampu yako ni ile pale juu ya jiwe. Alama yako ya rangi ipo."

"Rangi hata mimi naweza kupaka. Umebadilisha vya ndani. Mwizi mkubwa!"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika langoni: mshonaji, kinyozi na mteja wake mwenye nusu kichwa kilichonyolewa, muuza mkaa. Hakuna kinachoita watu haraka kama neno mwizi.

"We dogo," alisema Mzee Breki, "mwaga huo mkoba. Tuone vya watu vilivyomo."

Kijana alisita. Mama Dobi alikiona kile kusita, na wakati ule alidhani ni huruma. Kisha kijana akaushika mkoba wa turubai kwa kitako chake na kuugeuza juu chini. Spana zikamwagika udongoni kwa kelele, na nyundo, na kitambaa, na kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi. Hapakuwa na chombo cha mtu. Mkate ukabingirika mpaka miguuni kwa muuza mkaa, naye akausogeza kwa kidole cha mguu, akacheka.

Fundi Taratibu alipiga magoti akaokota spana moja moja, akaifuta, akaitia mkobani, na ilichukua muda mrefu kwa sababu hakuwahi kujua kufanya jambo haraka. Mkate aliuacha. Malipo ya siku mbili hakuyadai. Kwenye lango watu walimpisha mbali kuliko ilivyohitajika, kama mtu anavyompisha aliyepakaa masizi.

* * *

Alhamisi kijana alileta fundi wake mwenyewe, mwenye ovaroli safi isiyo na hata doa, jambo ambalo Mama Dobi aliliona kwanza kabla ya kuuona uso. Fundi yule hakulala chini. Alifungua boneti, akaguna, akafunga boneti. "Mzee, nisikudanganye," alisema. "Injini imekufa. Pampu kubwa, nozeli, pete, kila kitu. Ukitaja gharama ya kuifufua, unanunua lori lingine."

"Ndiyo niliyokuwa nasema," kijana akadakia. "Baba, Mizani atatoa fedha taslimu, Jumamosi hii hii. Tugawane, kila mtu aanze maisha yake."

"Kugawana nini? Nimekufa?"

"Sijasema umekufa."

"Basi usigawe mali ya mtu anayekula ugali wake mwenyewe."

Lakini usiku huo Mzee Breki hakulala, na asubuhi ya Ijumaa alikaa kigodani bila kufungua kinywa mpaka jua likapanda. Halafu akasema, akiutazama ufunguo kifuani pake, "Mwambie huyo mtu wa mizani aje kesho." Alisema taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani.

Mama Dobi akarudi kwenye kazi yake. Ijumaa ndiyo siku ya nguo za nyumbani, baada ya wateja kuchukua zao. Alichukua rundo, akatenganisha nyeupe na rangi, akageuza mifuko kama kawaida, na mkono wake ukafika kwenye shati la bluu la kijana.

Dobi hatazami nguo, anaisoma. Oili ya injini huacha weusi. Grisi hukaa juu kama siagi, ukiikwangua inatoka. Dizeli haina rangi ya kutisha, ni duara la manjano lenye ukingo, lakini hata ukiifua mara tatu, harufu yake itakusalimia kwenye pasi. Mwisho wa mkono wa kulia wa shati lile palikuwa na duara la manjano. Ndani ya duara palikuwa na mstari mweusi mwembamba, mweusi wa mpira wa tairi, ambao sabuni haiutoi ila mafuta ya taa. Akaitafuta suruali iliyovaliwa nalo. Goti la kushoto lilikuwa na udongo mwekundu, la kulia safi.

Akakaa juu ya ndoo. Miaka sita alikuwa hajayaona madoa matatu hayo pamoja. Alikuwa ameyafua kwa miaka kumi na minne kwenye nguo za mumewe, angeyatambua akiwa amefumba macho.

Na ndipo akakumbuka alilolisahau. Mwaka juzi, wakianika nguo pamoja, yeye mwenyewe alimchekesha kijana: "Baba yako alikuwa na bibi mdogo nyuma ya tangi. Kila jioni sharti ampigie goti ndipo alale." Kijana alicheka, akauliza bibi gani huyo, naye akamweleza yote, kwa mdomo wake huu.

Kijana alikuwa akipita kwenda chooni. Akamwita.

"Mwanangu, hili shati ulilivaa lini?"

"Jumapili. Kwani limepotea kifungo?"

"Jumapili ulikuwa chini ya lori?"

"Jumapili lori lilikuwa zima, mama. Niingie chini nikafanye nini?" Akatabasamu, akapita.

Aliutazama mgongo wake mpaka mlango ulipofungwa. Hasira ilimpanda. Uongo ulimuuma, lakini hasira haikutoka hapo. Ilitoka kwenye ile mikono iliyoshika mkoba wa turubai kwa kitako. Alijua, akaumwaga. Alijua kila spana inayoanguka ni ya haki, akaendelea kutikisa mpaka mkate ukatoka.

Shati hakulifua. Aliliweka kando, kavu.

* * *

Banda la Fundi Taratibu lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, bati nne na kamba. Kwa kawaida pangekuwa na magari mawili matatu. Ijumaa ile jioni palikuwa na baiskeli moja, na hiyo ilikuwa yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Dobi." Hakuinuka.

Akatoa kwenye khanga spana namba kumi na tatu. "Hii niliikuta chini ya jiwe langu la kufulia. Nimeifuta."

Aliipokea, akaigeuza, akaiweka kwenye nafasi yake ukutani, ambayo ilikuwa tupu tangu Jumatano. "Nilidhani nayo wameigawana."

"Naomba uje kesho."

"Kwa mumeo sirudi, mama. Nimepoteza wateja wawili tangu juzi. Mmoja amekuja na kamba kuvuta gari lake nililolifungua jana yake. Mwingine amemtuma mtoto. Miaka ishirini na nane nimekaa hapa, sijawahi kuambiwa neno lile."

"Sikuiti kwa mume wangu, wala kwa lori. Lori liuzwe, liliwe na kutu, Mungu ataleta lingine. Nakuita kwa ajili ya jina lako. Kosa najua lilipo, na aliyelitia namjua."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Tangu lini?"

Hakumficha. "Lilipo, tangu Jumatano, kabla hujamwagiwa mkoba. Aliyelitia, leo asubuhi."

Fundi akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Walioniona wakati ule wawepo," alisema mwishowe. "Wote. Hata yule wa mkaa."

* * *

Jumamosi saa tatu Mizani alifika na gari lake la kuvutia, mnyororo na vijana wawili wa kubeba. "Mama, usililie," alisema akiufungua mnyororo. "Chuma hakina machozi."

"Bado hujanisikia nikilia," alijibu Mama Dobi.

Mshonaji alikuwepo, maana aliombwa. Kinyozi alikuwepo, muuza mkaa alikuwepo, na wengine waliofuata harufu ya kisa. Shati la bluu lilikuwa peke yake kwenye kamba, bila kufuliwa. Kijana aliliona alipotoka ndani, akapunguza mwendo.

Fundi Taratibu akaingia langoni na mkoba begani.

"Nani kamwita huyu?" aliuliza Mzee Breki.

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama aliyefua mashati yako miaka thelathini na tano."

"Wewe mwanamke, nenda kalete chai."

"Chai iko jikoni," alisema Mama Dobi. "Kajimiminie."

Mshonaji aliziba mdomo kwa kiganja. Kinyozi akasema kwa sauti ya chini, "Leo kazi ipo."

Mama Dobi hakugeuka. "Fundi, piga goti la kushoto, upande huu. Peleka mkono wa kulia nyuma ya tangi, juu kabisa. Utakuta kitu kimefungwa mpira."

"Mama!" Kijana alipiga hatua mbili.

"Simama hapo hapo."

Fundi alipiga goti. Mkono ukaingia mpaka kwapani. Uso wake ulikuwa umegeukia watu, na wote waliona macho yake yalipotua. "Koki," alisema. Halafu kwa sauti ya kufika mpaka nje ya ukuta: "Imefungwa."

Mzee Breki aliinuka nusu, fimbo moja ikaanguka. "Haiwezekani. Niliiacha wazi."

Fundi aliifungua. Kisha akaenda mbele bila haraka, akalegeza skrubu juu ya filta, akaanza kupiga pampu kwa kidole gumba. Tik, tik, tik. Mwanzo hewa tupu. Kisha mapovu. Kisha mapovu machache. Kisha dizeli safi ikachuruzika kama uzi, bila povu, na muuza mkaa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Ala!"

Fundi akakaza skrubu. "Anayewasha awashe."

Mama Dobi alinyoosha kiganja mbele ya mumewe, kiganja kilichopasuka kwa sabuni. Mzee Breki aliutazama mkono ule, akawatazama watu, akaivua kamba shingoni. Mama Dobi akaupeleka ufunguo kwa mwanawe.

"Panda. Washa wewe."

"Mama, naomba..."

"Panda."

Akapanda. Ngwe-ngwe-ngwe. Ngwe-ngwe. Moshi mweusi ukapasuka nyuma, bati zikatetemeka, na injini iliyotangazwa kuwa imekufa ikanguruma uani. Mizani alianza kuukunja mnyororo wake pingili kwa pingili, na hakuwa na utani wowote.

Mama Dobi akalivuta shati kutoka kwenye kamba, akalishika juu kwa mabega mawili. Ilibidi apaze sauti kushinda injini, nayo ikatoka bila taabu, kwa kuwa ilikuwa inangoja.

"Hili ni la Jumapili. Dizeli mkono wa kulia. Mpira wa koki. Udongo goti la kushoto. Jumatatu lori likagoma. Mwenye shati yuko pale juu ameshika usukani. Alimwaga mkoba wa mtu na huku anajua."

"Nitakuua," alisema Mzee Breki, na akainua fimbo iliyobaki.

Kijana aliteremka. Hakukimbia. "Niue," alisema. "Miaka sita naamka alfajiri, napakia, napakua, naleta fedha mkononi mwako, na wewe unanikatia kama mtu anayemkatia mbwa mnofu. Mke wangu atazaa mwezi ujao, sina hata kitanda cha kwangu. Niliomba nilale na ufunguo siku moja tu, siku moja! Ukaniambia nikue kwanza. Nikikua lini, baba? Ukishazikwa?"

"Ungesema!"

"Nilisema! Kila nikisema, ni 'betri umenunua wewe?'"

Palikuwa na ukweli humo, na Mama Dobi aliujua, na haukumpunguzia hasira hata tone. "Hayo ni ya kwenu wawili, yana meza yake," alisema. "Kakalieni usiku kucha kama mnataka. Lakini fundi alikuwa na deni gani nanyi? Wewe ulificha koki mpaka ukaona heri umwite mtu mwizi kuliko kumwonyesha. Wewe uliifunga, ukamwaga mkoba wake. Na mimi niliambiwa kalete chai, nikaleta chai. Humu ndani tumekosa watatu, na aliyevuliwa nguo ni mtu wa nje."

Akamgeukia Fundi Taratibu. Mbele ya mshonaji, mbele ya kinyozi na muuza mkaa, akapiga goti kidogo kama anavyosalimiwa mkubwa. "Fundi, nilijua nikanyamaza. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Fundi aliinamisha kichwa.

Mke wa kijana alikuwa ametokea mlangoni, mkono juu ya tumbo, anamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kijana akatazama chini. "Mkoba niliumwaga mimi," alisema. "Nilijua hukuiba. Nisamehe, mzee wangu."

Fundi akainamisha kichwa tena, kidogo zaidi.

Kisha wote wakamtazama Mzee Breki.

Lori lilikuwa linanguruma. Mzee Breki alisimama kwa fimbo moja. Fundi alikuwa amesimama mbele yake, mikono pembeni, na hakuonekana kuwa na haraka. Angeweza kungoja mpaka jioni. Ilikuwa ni neno moja tu. Mama Dobi aliyaona macho ya mumewe yakizunguka yakitafuta pa kutokea, yakaenda kwenye lori, yakaenda kwa kinyozi, yakashuka kwenye kifua chake pasipo na ufunguo.

"Fundi," alisema Mzee Breki mwishowe, na akakohoa. "Fundi... haya. Sema bei yako."

Mama Dobi alifumba macho.

Alipoyafumbua, Fundi Taratibu alikuwa akipangusa vidole vyake, kimoja kimoja, kwa kitambaa kile kile kilichomwagwa udongoni Jumatano. Alikikunja, akakitia mkobani, akaufunga mkoba kwa kamba yake na kuupachika begani. Muuza mkaa akasogea kumpisha. Fundi akapita katikati yao, akatoka langoni bila kutaja bei.